Mapumziko ya Saa Sita na Mkono wa Mamba

Mzee Virgil Tackett aliendesha basi la shule miaka na miaka huko kwao Kentucky, kwenye barabara za milimani zilizojikunja kama utumbo wa mbuzi, na katika miaka yote hiyo hakuna kazi iliyomchosha kama kupumzika na familia yake Florida.

Mpango ulikuwa wa binti yake, Rhonda. Rhonda bila mpango ni kama jiko bila moto. Asubuhi geti la bustani ya michezo linapofunguliwa, wote ndani. Saa sita jua likikaa utosini, wote nje, warudi hotelini, bwawani, watoto wapoe na wakubwa wapumzike. Jioni jua likilegea, wote ndani tena mpaka fataki.

"Kila mtu anafanya hivi," alisema Rhonda. "Usipopumzika mchana, jioni watoto wanageuka mashetani."

Na kweli kila mtu alikuwa anafanya hivyo. Ukikaa pale hotelini saa sita unawaona wanaingia, familia moja moja, fulana za kufanana, nyuso nyekundu kama nyanya, mume na mke hawasemezani.

Mumewe, Doyle, hakuupenda mpango ule hata kidogo. "Mimi nimelipia bustani," alisema. "Maji ya kuogea ninayo nyumbani."

"Doyle, usianze."

"Sijaanza. Nauliza tu. Mzee, wewe unaonaje?"

Mzee Virgil alikuwa ameshajifunza kutotia mguu kati ya mtu na mkewe. "Mimi nakwenda basi linakokwenda," alisema.

Lakini moyoni alikuwa na la kusema, tena kubwa. Hebu fikiria mwenyewe. Unatoka getini na watoto wanaolia kwamba hawataki kutoka. Unapanda kitreni cha kwenda kwenye maegesho, na maegesho yenyewe ukubwa wake wilaya nzima, magari yote meupe. Unalitafuta gari. Ukilipata, limeiva kama sufuria. Unafika hotelini, unangoja lifti, lifti inakuja imejaa watu na maboya. Unaingia chumbani, nguo za kuogelea za jana bado mbichi, maana kiyoyozi kile hakikaushi kitu, kinagandisha tu. Sasa jaribu kumvalisha mtoto nguo mbichi ya kubana. Ni kama kumrudisha paka ndani ya gunia. Halafu mafuta ya jua, na mafuta ya jua yanataka yangojewe yanywe ngozini. Halafu unashuka bwawani, viti vya kulalia vyote vimetandikwa mataulo na wenye mataulo hawaonekani, wako bustanini huko, wamekiwekea kiti taulo tangu alfajiri kama mtu anayeweka jiwe foleni ya maji. Ukipata ukingo wa kukaa, watoto wakaruka, wakalowa vizuri, mbingu inanguruma. Florida wakati wa kiangazi hainyimi mtu radi, kila mchana lazima. Mlinzi wa bwawa anapuliza kipenga, watu wote nje ya maji, na hakuna kurudi mpaka nusu saa ipite bila ngurumo. Ikinguruma tena, hesabu inaanza upya.

"Tunapumzika?" Rhonda aliwauliza siku ile ya kwanza, wamekaa ukutani wanadondoka maji.

Doyle alikuwa anakamua kaptura yake.

"Nimeuliza, tunapumzika?"

"Tunapumzika!" walijibu wote kwa pamoja, kama askari.

Sasa, mzee Virgil hakuja Florida kwa ajili ya bwawa. Alikuja kwa sababu ya neno alilolisema mwenyewe.

Miaka miwili nyuma walikuja bustani hiyohiyo. Kuna treni pale wanaiita Mamba Kichaa, ya kijani, inapanda mlima wa chuma polepole kwa kelele za mnyororo, ikifika juu inasimama kidogo kama mtu aliyesahau alichofuata, halafu inajitupa chini na watu wanapiga mayowe mpaka ng'ambo ya ziwa. Mlangoni pake pana mamba wa mbao aliyevaa kofia ya ukili, amenyoosha mkono mmoja. Mtoto anasimama chini ya mkono. Kichwa kikigusa mkono, pita. Kisipogusa, pole. Brynn, mjukuu mkubwa, aligusa, akapanda na wazazi wake, na picha yake akiwa mdomo wazi ikabandikwa kwenye friji nyumbani. Hattie, mdogo, alipita chini ya mkono wa mamba bila hata kuinama. Alilia mpaka akatapika.

Babu akabaki naye chini. Akamnunulia paja la bata mzinga, kubwa kama rungu, wakalila wote wawili, na katika kumbembeleza akamwambia, "Tukirudi tena hapa, utapanda. Mimi Virgil Tackett ndiye ninayekwambia."

Ni maneno ya kumnyamazishia mtoto tu, kila mtu mzima ameshayasema. Lakini Hattie hakuyachukulia hivyo. Alianza kuja kwa babu kila Jumapili kabla ya kanisa, bado na nguo za kulalia, akisimama kwenye mwimo wa mlango wa jikoni, na babu anachora alama kwa penseli juu ya kichwa chake. Alikula mchicha. Alikula hata maini. Mwaka huu masika yalipoingia, alama ikavuka urefu wa mkono wa mamba, na siku hiyo ikaokwa keki.

Kwa hiyo siku ya kwanza, baada ya bwawa na kipenga na foleni ya lifti, walipomfikia Mamba Kichaa jioni ile, Hattie alikwenda kusimama chini ya mkono kama mtu anayekwenda kuchukua chake. Alikuwa na miaka saba, meno mawili ya mbele hayapo, kifua mbele.

Msichana aliyekuwa zamu pale mlangoni aliinama akaangalia. Kati ya nywele za Hattie na mkono wa mamba ungeweza kupitisha biskuti.

"Pole mpenzi," alisema yule msichana. "Mwakani."

"Nimefika," alisema Hattie. "Mlango wa jikoni kwa babu unasema nimefika."

"Najua, mpenzi. Ila mlango wa babu haufanyi kazi hapa. Anayefanya kazi hapa ni huyu mamba."

"Vuta pumzi, Hattie," alisema Doyle. "Simama wima. Nyoosha shingo. Kama twiga."

Hattie alinyoosha mpaka mishipa ikamtoka. Biskuti bado inapita.

"Amesinyaa," alisema Brynn. "Mama umemfua kwa maji ya moto."

"Brynn, funga mdomo."

Safari hii Hattie hakulia. Angelia ingekuwa nafuu. Alimgeukia babu yake, akamwangalia kutoka kwenye viatu mpaka kwenye kofia, akasema, "Babu, ulisema."

Basi. Maneno mawili tu, na mzee wa watu usingizi ukampaa. Tena alijua kwamba hakuna mwakani. Doyle alikuwa anahamia kazi mpya isiyo na likizo ya maana, na Rhonda alishasema hii ndiyo ya mwisho mpaka Mungu apende. Zimebaki siku mbili.

Siku ya pili saa sita walirudi tena bwawani, maana mpango ni mpango. Mzee Virgil alikaa ukingoni, suruali imekunjwa, miguu ndani ya maji, viatu na soksi vimepangwa pembeni kama mtu aliyeko msikitini. Kando yake alikaa mama mmoja mtu mzima, mnene, mcheshi, kofia pana kama sinia, jina lake Nadine, katokea Ohio. Na watu wa Kentucky na watu wa Ohio ni watani tangu enzi. Wanapakana kwa mto na kila upande unasema upande wa pili hauna akili.

"Nyinyi watu wa Kentucky mnaogopa maji?" alisema Nadine. "Naona umeingiza vidole tu."

"Siogopi maji. Naogopa namna watu wa Ohio wanavyoogelea. Wanaogelea kama wanavyoendesha magari."

Nadine alicheka mpaka kofia ikamtoka. Wakazungumza. Wazee wakikaa ukingoni huzungumza magoti kwanza, halafu marehemu, halafu wajukuu. Mzee Virgil akamwonyesha Hattie kule majini, akamsimulia habari ya mlango wa jikoni na ya mamba.

"Mlikuwa mnampima saa ngapi?" aliuliza Nadine.

"Jumapili asubuhi. Akiamka tu."

"Eeh, baba! Mmejidanganya wenyewe. Mtoto asubuhi ni mrefu, jioni ni mfupi. Anashuka. Akitembea mchana kutwa na kuruka huku na huku mifupa ya mgongo inajibana. Wangu alikataliwa jioni, kesho yake asubuhi tukampeleka akapita. Na wewe pia uko hivyohivyo, sema wewe huna tena pa kushukia."

Mzee Virgil alitoa miguu majini. "Akilala anarudi?"

"Akilala chali, anarudi kiasi. Si sana. Lakini wewe unataka biskuti moja tu."

Kwa mara ya kwanza tangu afike Florida mzee Virgil aliona faida ya bwawa lile.

Akawaeleza wenzake wakati wa chakula cha jioni. Doyle alisema ni uchawi wa watu wa Ohio. Rhonda alisema haumizwi mtu kwa kujaribu, kesho asubuhi geti likifunguliwa waende moja kwa moja kwa mamba, na ratiba ya kesho akaibadilisha palepale, jambo ambalo hajawahi kumfanyia hata daktari.

Asubuhi ya siku ya tatu, siku ya mwisho, Hattie alibebwa kutoka kitandani mpaka kwenye gari, akalazwa chali kiti cha nyuma, miguu juu ya mapaja ya dada yake.

"Miguu yake inanuka," alisema Brynn.

"Vumilia," alisema babu.

Geti likafunguliwa. Wakakimbia, Doyle kambeba mtoto begani kama zulia. Wakafika. Mlango wa Mamba Kichaa ulikuwa na kamba na kibao. Mafundi wako juu ya reli, wadogo kama siafu, wanagonga vyuma.

"Itafunguliwa mchana," alisema kijana aliyesimama pale. "Wakimaliza."

"Mchana saa ngapi?" aliuliza Doyle.

"Wakimaliza."

Doyle akamshusha mtoto chini. Hattie alisimama, na mzee Virgil alimwangalia akiwa amesimama pale kwenye lami ya moto, akaona kama anamwona anavyoshuka, kama mshumaa.

Asubuhi hiyo walipanda vikombe vinavyozunguka, walipanda mashua, walimsalimia mtu mmoja aliyevaa sura ya panya na kaptura, lakini hakuna aliyekuwa na moyo. Kila mtu alikuwa anaangalia kichwa cha Hattie. Akiruka, "Usiruke!" Akikimbia, "Usikimbie!" Mtoto yuko kwenye bustani ya michezo na anatembezwa kama trei ya mayai.

Saa sita ikafika.

"Leo," alisema Doyle, "leo ni siku ya mwisho, tubaki. Tukae karibu na mlango. Ikifunguliwa tu tuwe wa kwanza."

"Akae amesimama mchana kutwa juani?" alisema mzee Virgil. "Huyo atafika kwa mamba akiwa kisoda. Tunarudi hotelini."

Rhonda aligeuka akamwangalia baba yake. "Baba. Wewe ndiye unayesema turudi?"

"Mimi ndiye."

"Bwawani?"

"Akalale. Popote. Bwawani, kitandani, chini ya meza. Alale chali."

Doyle alinyoosha mikono juu. "Nimebaki peke yangu," alisema. "Hata mzee kaniuza."

Wakapanda kitreni cha maegesho, Hattie kalala kwenye mapaja ya watu watatu. Wakalitafuta gari. Wakangoja lifti. Nguo mbichi zikavaliwa, maana Hattie aligoma, alisema ikiwa hatapanda mamba basi angalau aogelee, na mtoto akisema kweli ni kweli. Kwa hiyo wakapatana: Rhonda alipuliza godoro la mpira la kuelea, akapuliza mpaka macho yakamtoka, Hattie akalazwa juu yake chali, babu akashika kamba yake kutoka ukingoni kama mtu anayechunga mbuzi.

"Naweza kugeuka?"

"Hapana."

"Naweza kutia mkono mmoja?"

"Mmoja tia."

Nadine wa Ohio alikuwa palepale na kofia yake. "Anarefuka," alisema. "Naona kabisa. Mkimwacha mpaka jioni mtamrudisha Kentucky kwenye paa la gari."

Mbingu ikanguruma. Kipenga. Watu wote nje.

Safari hii mzee Virgil hakungoja hesabu ya nusu saa. Alimbeba Hattie na taulo lake, akapanda naye chumbani, na kwa sababu mvua ilikuwa inakuja kwa kishindo na viti vyote vya kivuli vimeshikwa, wengine wakamfuata. Rhonda akavuta mapazia mazito. Chumba kikawa giza. Kiyoyozi kinanguruma, mvua inapiga kioo. Hattie akalazwa katikati ya kitanda kikubwa. Rhonda akajilaza upande huu, eti anamlinda asigeuke. Doyle akajilaza upande wa pili, eti ni dakika mbili. Brynn akajinyoosha kwenye kitanda cha pili. Hazikupita dakika, familia nzima inakoroma.

Na hapo ndipo walipopumzika. Si juzi, si jana. Siku mbili za mapumziko hakuna aliyepumzika, na siku ya tatu, walipokuwa wanafanya kazi ya kumrefusha mtoto, wote wakalala kama waliopigwa rungu. Aliyebaki macho ni mmoja. Mzee Virgil alikaa kwenye kiti kigumu karibu na dirisha, kafungua pazia ufa mdogo, anaangalia mvua. Maana mvua ikinyesha hata mamba hatembei, na ikikatika kila mtu atakimbilia mlango uleule. Kazi yake ilikuwa moja: ajue itakapokatika.

Macho yalimzidi mara kadhaa. Alijifinya paja. Mtu aliyeendesha basi la watoto wa watu mlimani kwenye barafu haogopi usingizi wa mchana.

Mvua ikakatika. "Amkeni," alisema. "Hattie, wewe usiamke. Wewe kaa hivyohivyo."

Getini walikodi kigari cha mtoto mchanga, kile cha kusukuma, wakakilegeza mgongo mpaka kikalala, wakamtia Hattie ndani. Miguu ilining'inia nje mpaka magotini. Watu walikuwa wanageuka.

"Simjui huyu," Brynn aliwaambia wapita njia. "Siwajui wote hawa."

"Kaugua?" aliuliza mama mmoja kwa huruma.

"Hapana, mama," alisema mzee Virgil, anasukuma. "Anarefuka."

Mamba Kichaa alikuwa amefunguliwa, na foleni imeshakuwa ndefu, imejizungusha kwenye vyuma vyake mara nyingi. Mlangoni msichana yuleyule wa siku ya kwanza. Doyle akamwinua Hattie kutoka kwenye kigari taratibu, akamsimamisha chini ya mkono wa mamba. Yule msichana akainama. Akapitisha kidole. Kidole hakikupita.

"Amegusa," alisema. "Karibu, mpenzi."

Rhonda alipiga kelele hata wa kwenye treni wakasikia. Doyle akamkumbatia mkwewe. Lakini mzee Virgil alikuwa anaangalia juu, kule ngazi zinakoishia, mahali pa kupandia. Kule juu palikuwa na mamba mwingine wa mbao. Kofia ileile, mkono uleule.

"Yule wa nini?" aliuliza.

"Wanapimwa tena juu," alisema msichana. "Kwa usalama. Kuna watu wanatia soksi kwenye viatu vya watoto."

"Na foleni ni muda gani?"

"Leo? Kwa mvua hii? Saa nzima na zaidi."

Mzee Virgil akaangalia kile kigari. Kibao kilisema vigari haviingii. Akamwangalia Hattie, aliyesimama pale anatabasamu na pengo lake, anashuka kila dakika. Akavua kofia, akampa Brynn aishike. Akainama.

"Baba, mgongo wako," alisema Rhonda.

"Mgongo ni wangu. Doyle, shika miguu."

Wakambeba chali, Doyle miguuni na mzee mabegani, wakaingia naye kwenye foleni hivyohivyo, hatua moja, simama, hatua moja, simama. Kijana mmoja nyuma yao akauliza kwa sauti kama wamebeba maiti. "Maiti haombi maji," alisema Doyle, maana Hattie alikuwa ameshaanza kuomba maji.

Nyuma yao ilikuwa familia kubwa ya Wapuertoriko, ndugu na mashemeji, fulana za bluu zote, wenye makelele na vicheko. Bibi yao, mwembamba kama ufagio, aliuliza kuna nini, mjukuu wake akamtafsiria, na alipoelewa aliwafokea wanaume wake kwa lugha yao maneno ambayo hayakuhitaji tafsiri.

"Bibi anasema mpeni mzee apumzike," alisema shemeji mmoja, mkubwa kama friji. "Anasema sisi mikono tunayo ya nini, ya kushikia simu?"

Hattie akapokewa. Alipita mikononi mwa mashemeji wa Kipuertoriko, kisha mwa vijana wa chuo walio mbele, kisha Doyle tena, kisha babu tena, maana babu kila baada ya kituo kidogo alikuwa anadai zamu yake. Watu wa foleni walianza kuuliza habari, na habari ikasafiri mbele na nyuma, na kufika mwisho wake ilikuwa imeshabadilika, wengine walisema huyo mtoto ni wa ajabu. Yeye mwenyewe alikuwa analamba aiskrimu aliyopewa na bibi ufagio, imemchuruzika mpaka sikioni.

"Hattie, unaonaje?" aliuliza mama yake.

"Naona matako ya watu tu," alisema Hattie.

Wakafika juu. Zamu ilikuwa ya mzee Virgil. Jasho limemjaa machoni, mgongo umeshakuwa ubao. Aliinama kumsimamisha na yeye mwenyewe hakuweza kunyooka tena, akabaki ameinama hivyohivyo, mkono gotini, kwa hiyo macho yake yalikuwa sawasawa na kichwa cha mjukuu wake. Aliona kwa karibu kuliko mtu yeyote. Nywele mbili tatu zilizosimama kwa maji ya bwawa, chini yake utosi, na juu yake mbao ya kijani iliyochubuka rangi kwa vichwa vya watoto wa watu.

Kijana wa juu hakuwa na maneno mengi. Aliweka kiganja juu ya kichwa, akazilaza zile nywele, akakitelezesha kiganja mpaka kwenye mbao. Kikagonga.

"Wangapi?" aliuliza.

Foleni nzima ikalipuka. Mashemeji wakapigana migongo. Rhonda analia. Kijana wa juu hakuelewa kitu, alikuwa anangoja jibu lake.

"Wawili wawili kila kiti," alisema. "Mtoto anakaa na nani?"

"Na babu," alisema Hattie.

Mzee Virgil alijaribu kunyooka. Mgongo ukasema hapana. Alijaribu tena. "Kaa na mama yako," alisema. "Mimi nilisema utapanda. Sikusema mimi nitapanda."

Hattie alifikiri. Akaona ni haki. Brynn akamrudishia babu kofia yake. Hattie akaingia, chuma kikashuka mapajani mwake, kikabana, na treni ikaondoka na kelele za mnyororo.

Upande wa kuteremkia kulikuwa na benchi la chuma, bado na maji ya mvua. Mzee Virgil alijikokota mpaka pale akajilaza chali, viatu na vyote, kofia usoni. Juu yake Mamba Kichaa alijitupa, na katika mayowe yote yale alidhani anasikia moja asilolikosea, jembamba, lenye pengo. Halafu hakusikia kitu. Alilala usingizi mzito kuliko wote, kwenye benchi lenye maji, katikati ya kelele, mahali ambapo hapakuwamo kwenye mpango wa mtu.

Waliporudi walimkuta anakoroma. Brynn alikaa kando yake, akapima kwa shubiri kutoka kwenye kofia mpaka kwenye viatu. "Babu naye karefuka," alisema. "Tumwache au tumwamshe?"

Hattie ndiye aliyemwamsha. Alimwondolea kofia. Nywele zilikuwa zimesimama zote, macho makubwa, shavuni alama ya aiskrimu.

"Sema," alisema mzee Virgil. "Ilikuwaje?"

"Tamu," alisema Hattie. "Lakini fupi."

Akajipangusa pua kwa mkono. Akaangalia juu kidogo kule relini, halafu akamwangalia babu yake.

"Bwawa bado liko wazi?"